Mulineti ya kastingi itakayovumilia: blakibasi kule Durban, makobo na manda huku kwetu

DerevaKasumba (Lubumbashi, Kampemba)

Jambo wote.

Mimi ni dereva wa lori. Napeleka shaba kutoka huku Katanga mpaka bandari ya Durban, narudi na mizigo ya maduka. Anayeijua kazi hii anajua kwamba nusu yake ni kungoja: foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, foleni ya Chirundu, foleni ya mpaka wa Beitbridge, na ukifika Durban kwenyewe unangoja zamu ya kupakia. Wenzangu wanangoja kwa karata. Mimi nina fimbo ya kuvulia nyuma ya kiti.

Karibu na Durban kuna bwawa la Inanda, kwenye mto uMngeni, na humo mna blakibasi, yule samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana aliyeletwa Afrika Kusini mwaka 1928. Mzee mmoja wa huko, mstaafu wa reli, huwa ananichukua kwenye boti yake. Yeye ndiye aliyenifundisha mulineti (kifaa cha kukunjia uzi wa kuvulia) ya kastingi, ile inayokaa juu ya fimbo na bobini yake, pale uzi unapokunjwa, inazunguka yenyewe uzi unapotoka. Nilipoizoea, ile nyingine ya kuning'inia chini ya fimbo nimempa mtoto wa dada yangu. Kwa kastingi unaweka kidole gumba juu ya bobini na chambo kinatua pale pale unapotaka, chini ya tawi, pembeni ya gogo, si mita tatu kando.

Nikiwa nyumbani navua makobo kwenye ziwa Tshangalele. Nikipata gari la kwenda Kasenga, natafuta manda kwenye Luapula. Meno ya manda mnayajua, sina haja ya kuyaeleza.

Sasa tatizo. Mulineti niliyo nayo niliinunua duka moja njiani, la duka na la kiwanda silitaji jina. Sanduku liliandikwa "beringi 18" kwa rangi ya dhahabu. Hata mwaka haijamaliza, ukizungusha mkono unasikia mchanga ndani. Samaki mwenye uzito akivuta, gia zinaruka jino, tak, tak, na uzi haurudi. Juzi makobo mzuri kabisa ameniangalia, akageuka, akaenda zake.

Nina dola 150. Nikibanwa nafika 200. Nanunua Afrika Kusini kwa sababu huko maduka ya uvuvi ni mengi na bei zimeandikwa. Ninachotaka ni mulineti moja, ifanye kazi pande zote mbili, ivumilie vumbi la kabini na barabara, na ikiharibika nipate wa kuifungua hapa Lubumbashi. Wepesi haunihusu sana. Sifa za sanduku nimeshashiba.

Je, nichukue ya duara au ile bapa ya kisasa? Namba ya gia ni ngapi? Na hizi zenye kompyuta ndani, ni kitu cha kweli au ni biashara tu?

—

SambazaWaKadutu (Bukavu)

Kaka dereva, sisi wa Kivu tunakusoma kwa wivu. Kwetu ni mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, wavu, taa usiku, na sambaza. Mulineti ya nini hapo? Sambaza ukimtupia chambo bandia atakuuliza kama wewe ni mzima.

Lakini kwa dola 150 mimi ningenunua ya kawaida ya kuning'inia, kubwa, na chenji ninunulie uzi na waya. Haifumi peruki, yaani uzi haujivurugi kwenye bobini, haina breki za kurekebisha, mtoto anaitumia. Kwa nini ujitese?

—

DerevaKasumba

Nimejibu juu, ndugu: kidole gumba. Na ukitumia uzi mnene wa kilo tisa kwenda juu, ile ya kuning'inia inautupa kwa mizunguko, umbali unapotea. Kastingi inautoa moja kwa moja. Sambaza wako wasalimie.

—

FundiBobini (Lubumbashi, Katuba)

Dereva, jambo sana. Mimi ni fundi wa cherehani na mizani hapa Katuba. Mulineti naletewa kwa sababu watu hawana pengine pa kuzipeleka. Kwa hiyo mimi sizijui zikiwa mpya. Nazijua zikiwa zimekufa, na nitakuambia zinakufa kwa nini.

Hazifi kwa kukosa beringi. Hilo la 18 lifute kichwani. Beringi ni kitu cha bei ndogo, kiwanda kinaweza kuzijaza hata kwenye vishikio vya mkono, mahali ambapo bushi ya plastiki ingetosha. Zenye kazi kweli ni za kuhesabu kwa vidole: za kushika bobini huku na huku, ya mhimili wa gia, na ile inayozuia mkono usirudi nyuma. Zinazobaki ni za kuuzia sanduku.

Mulineti inakufa hivi. Samaki anavuta, wewe unazungusha, na nguvu yote inapita kwenye meno ya gia kubwa na pinioni, ile gia ndogo. Kama fremu ni ya plastiki, hata wakiipa jina la grafiti, inajipinda. Kwa macho huoni. Lakini gia mbili zilizokuwa zinakutana sawasawa sasa zinakutana kombo, zinashikana kwa ncha tu. Ncha zinaliwa. Unga wa meno unaingia kwenye grisi, grisi inakuwa msasa, na huo msasa unaendelea kula hata siku ambayo hakuna samaki. Ongeza vumbi jekundu la Agosti. Ile tak, tak unayoisikia ni meno yaliyoisha yakipandana. Hapo hakuna cha kurekebisha. Ni kubadilisha gia zote mbili pamoja, na kwa mulineti yako hiyo gia haziuzwi peke yake.

Kwa hiyo dukani uliza mambo mawili kabla ya mengine yote: fremu ni ya nini, gia kubwa ni ya nini. Fremu iwe ya metali, na kama ni bapa iwe alumini kipande kimoja. Gia kubwa iwe shaba ya manjano. Wewe unabeba shaba kila mwezi, na zinki inachimbwa Kipushi hapo nyuma ya mji; ukiziyeyusha pamoja ndiyo hiyo shaba ya manjano. Kuna mulineti za bei kubwa zenye gia za alumini. Si mbaya, zinapunguza gramu, na wale wa mashindano ya Marekani wanaotupa chambo kuanzia asubuhi mpaka jioni wana haki ya kuhesabu gramu. Ila kwa miaka mingi shaba inavumilia zaidi.

Kuhusu namba. 5.3 kwa 1 maana yake ukizungusha mkono mara moja, bobini inazunguka mara tano na kidogo. 8 kwa 1 inarudisha uzi haraka, lakini nguvu ya mkono wako inapungua na pinioni inakuwa ndogo, mzigo wa kila jino unapanda. Kwa mulineti moja ya kazi zote mimi ningekaa kati ya 5.3 na 6.3. Vyambo vile vyenye ulimi wa kuzama chini, vinavyovuta maji, vinataka gia ya taratibu. Kwa chambo cha juu ya maji au mnyoo wa plastiki wenzetu wanapenda 7 kwenda juu ili kukusanya uzi uliolegea upesi. Ni kweli. Lakini umesema moja.

Mimi ningechukua ya duara, Abu Garcia Ambassadeur, 5500 au 6500, zile za C au C3. 6500 C3 ina 5.3. Sababu yangu si mapenzi. Nikifungua moja, naona kazi ya mtu wa saa: kila kipande kinatoka kwa bisibisi na ufunguo mdogo, na kinarudi mahali pake bila kukisia. Si bahati. Kile kiwanda cha Svängsta, Sweden, kilianza 1921 na saa, kikaendelea na mita za taksi, na vita vilipoua biashara ya taksi ndipo wakaingia kwenye mulineti. Ambassadeur ya kwanza ni ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na umbo halijabadilika sana mpaka leo, ndiyo maana vipuri vingi vinaingiliana. Hata mtu anayetajwa kuwa alianzisha aina hii kule Kentucky, mwanzoni mwa karne ya 19, George Snyder, alikuwa fundi wa saa. Sisi mafundi wa vitu vidogo tunajuana.

—

NziloYetu (Kolwezi)

Fundi ameongea vizuri kuhusu gia, nakubali yote. Kwenye ya duara ndipo ninapobisha.

Navua bwawa la Nzilo. 6500 ina uzito wa karibu gramu 300, na imesimama juu ya fimbo. Mkono hauwezi kuikumbatia vizuri. Saa ya kwanza sawa, saa ya nne kifundo cha mkono kinakuuliza maswali. Na chambo chepesi, chini ya gramu kumi, haikitupi. Bobini yake ni nzito kuanza kuzunguka, na ikishaanza ni nzito kusimama, hapo ndipo peruki zinapozaliwa. Blakibasi mara nyingi anataka chambo kidogo. Makobo naye vile vile, hasa maji yakiwa maangavu Juni na Julai.

Kwenye bapa zipo zenye kila kitu Fundi anachotaka. Shimano SLX: fremu ya alumini, gia ya shaba ya manjano, karibu gramu 200, na ilipotoka 2018 bei yake ilikuwa kama dola 100 Marekani. Gia chagua 6.3. Ukipandisha kidogo kuna Curado, ya kwao pia, ina 6.2. Au Daiwa Tatula, fremu ya alumini, na kile kiongoza-uzi chake chenye umbo la T: ukitupa, uzi unapita sehemu pana ya juu, ukizungusha, unashuka kwenye sehemu nyembamba. Kwa mtu wa manda hilo si pambo. Fundo la kuungia uzi wa mbele halikwamikwami likipita.

Halafu mjue kwamba Shimano nayo ilianza 1921, Sakai, Japani, na gia za baiskeli. Na wao wanajua meno ya gia ni nini, Fundi.

—

FundiBobini

Ha! Gia za baiskeli nimekubali.

Nzilo anasema kweli kuhusu uzito na chambo chepesi, sitabishana na kifundo cha mkono wa mtu. SLX nimefungua. Gia nzuri. Bamba za pembeni ni plastiki lakini hizo hazibebi mzigo, fremu ndiyo inayobeba. Kinachonisumbua ni kimoja: hizi bapa kila baada ya miaka michache wanatoa sura mpya, na kipande cha sura ya zamani kinaanza kutafutwa kwa tochi. Mtu wa Osaka ataandika barua pepe. Dereva wa Kampemba ataniletea mimi, na mimi nitachonga, na kuchonga kuna mwisho.

Kwa hiyo, Dereva, ukichukua bapa, siku hiyo hiyo ya kununua chukua na vipuri viwili: kile kijino kinachotembea ndani ya mfereji wa skrubu ya kiongoza-uzi, na beringi ya kuzuia kurudi nyuma. Kijino kile ndicho kinachoisha kwanza kwenye mulineti yoyote, ya bei yoyote, kwa sababu kiko wazi, kinakula mchanga wote unaokuja na uzi uliolowa. Bei yake haifiki bia mbili. Kikiisha, uzi unajaa upande mmoja na watu wanadhani mulineti imekufa.

—

KamalondoKwanza (Lubumbashi)

Mbona hakuna anayejibu swali la kompyuta? Mimi mpwa wangu wa Brussels alinitumia Curado DC, ile yenye kompyuta. Wakubwa, ni ajabu. Unatupa dhidi ya upepo, inalia wiiiii, peruki hakuna. Kidole gumba ni cha wazee.

—

FundiBobini

Hongera kwa mpwa. Ni kitu cha kweli, si biashara tu. Ndani kuna saketi ndogo inayopima mzunguko wa bobini na kuibana kwa sumaku, na umeme wake unatoka kwenye mzunguko huo huo wa bobini, betri haina. Wazo safi sana, nililiheshimu nilipolisoma.

Lakini Dereva ameuliza itakayofunguliwa Lubumbashi. Saketi iliyofunikwa kwa gundi ikifa, mimi nitaitazama, nitaisifu, nitakurudishia.

Breki za kawaida za bobini ni za aina mbili. Moja ni vipande vidogo vya plastiki vinavyosukumwa nje bobini inapozunguka kwa kasi na kusugua pete. Nyingine ni sumaku zinazosogezwa karibu au mbali na bobini. Zote hazichoki upesi. Za sumaku unarekebisha kwa kitufe cha nje bila kufungua, kwa anayejifunza ni rahisi. Zile za vipande, nyingi lazima ufungue bamba, na kipande kikidondoka kwenye boti umekwisha kwa siku hiyo. Wewe umeshajua kutumia kidole, chukua yoyote.

—

DerevaKasumba

Aksanti sana wote. Nipo Durban sasa, zamu yangu ya kupakia bado. Nimeshika SLX kwa mikono yangu dukani. Nzuri kweli, inakaa mkononi. Bei iko ndani ya pesa yangu na chenji inabaki.

Lakini kuna jipya. Yule mzee wa reli amesikia ninachotafuta, akatoa sanduku la mbao chini ya kitanda. Ana Ambassadeur mbili, 6500 na 6501, za zamani, za metali tupu, na kikopo cha vipuri. Anasema macho yake hayafungi tena mafundo na watoto wake wanapenda mpira. Moja ataniachia kwa bei ambayo hata naona aibu kuiandika. Zimekwaruzwa nje. Nitajuaje kama ndani hazijafika pale pa msasa?

Na swali la pili: freni, ile inayoubana uzi samaki akivuta. SLX wameandika namba, zile za mzee hazina namba yoyote. Kwa manda nahitaji kilo ngapi?

—

FundiBobini

Mikwaruzo ya nje iache. Fanya hivi, mbele yake, kwa heshima, na umwombe ruhusa kwanza maana mtu na vitu vyake.

Kaza freni ile ya nyota mpaka karibu na mwisho. Shika bobini kwa kidole gumba isizunguke, na mkono wa kuzungushia uusukume mbele polepole, kwa nguvu. Usikilize kwa vidole, si kwa masikio. Ikiwa imara, nzuri. Ikiruka hata kidogo, gia zimeisha, msalimie mzee, uondoke. Halafu legeza freni na uzungushe taratibu, raundi nzima. Mkwaruzo unaorudi mahali pale pale kila raundi ni jino moja lililojeruhiwa. Mkwaruzo wa kila mahali mara nyingi ni uchafu tu, na uchafu unaoshwa.

Pili, zile skrubu za kuzungushwa kwa vidole pembeni. Zifungue, bamba litatoka, bobini itoe. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa bobini kuzunguka pande zote. Ukishika mahali palipochimbika, huo ni mwamba au sakafu ya saruji, na hapo uzi utakatika siku ya samaki mkubwa. Angalia vipande vya breki kwenye mhimili kama vipo vyote. Kama kimoja hakipo, angalia kikopo cha vipuri. Wazee wenye vikopo huwa navyo.

Tatu, tazama skrubu ndefu ya kiongoza-uzi. Mifereji iwe na kingo za mviringo. Ikiwa imechongoka na inakata kidole, imeliwa, nayo inabadilishwa, si mwisho wa dunia.

Chini ya mguu, pale inapokaa kwenye fimbo, kuna namba imegongwa. Wakusanyaji wanaitumia kujua umri. Kwako wewe kazi yake ni nyingine: andika hiyo namba mahali, Beitbridge wakikuuliza uwe na cha kuonyesha pamoja na karatasi ya mauziano.

Freni. Watu wanadanganywa na namba hizi zaidi hata ya beringi. Freni unaiweka kwa uzi, si kwa samaki, na si kwa sanduku: robo mpaka theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo tisa, freni kama kilo mbili na robo mpaka tatu. Funga uzi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta fimbo ikiwa imeinama, soma. Hata blakibasi wa rekodi, yule wa George Perry wa Georgia wa mwaka 1932, na mwenzake wa Japani wa 2009, ni samaki wa kilo kumi hivi. Manda wa rekodi wa Kariba ni kilo 16. Hakuna kati yao anayehitaji kilo kumi na mbili za freni, na ukizitumia fimbo ndiyo itakayovunjika. Ungekuwa unakwenda kwa yule mbenga mkubwa wa mto Kongo, ndugu yake manda, ambaye rekodi yake ya kilo 44 ilitoka Kinshasa 1988, tungeongea mulineti nyingine kabisa na fimbo nyingine.

Kinachohitajika kwenye freni ni ulaini. Ianze kutoa uzi bila kushtuka. Ile ya kushikilia halafu kuachia ghafla inakata uzi. Sahani za freni za zamani zikiwa ngumu, za kaboni zinapatikana na zinaingia bila kuchonga. Na unapoiweka mulineti, legeza nyota. Usiziache sahani zimebanwa kutoka Durban mpaka Lubumbashi.

—

NziloYetu

Naongeza kuhusu uzi, maana hapo mulineti nzuri inaharibiwa. Ukiweka uzi wa kusuka, usiufunge moja kwa moja kwenye bobini tupu. Unateleza, bobini nzima ya uzi inazunguka peke yake, na utadhani freni imekufa. Anza na nailoni raundi kadhaa, halafu ungia wa kusuka juu yake. Na uujaze ukiwa umekazwa. Ukijazwa legelege, siku manda anavuta, uzi wa juu unazama katikati ya ule wa chini, unajibana, na mtupo unaofuata chambo kinasimama hewani na kukatika.

Kwa manda waya mbele, lazima, hata sentimita ishirini tu. Kwa blakibasi toa waya, anauona.

Na kama safari inapita Zambia na unataka kutega hata kidogo njiani, kumbuka kufunga kwao: tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Kariba na Tanganyika kwa kawaida hazimo. Sheria ya kwetu si ya kwao, na lori lenye namba za Kongo linaonekana toka mbali.

—

KamalondoKwanza

Na mafuta je? Mimi naipulizia ile ya kopo, ya kulegeza skrubu zilizokamata. Inang'aa.

—

FundiBobini

Inang'aa na inakauka. Ile ni ya kulegeza, si ya kulainisha. Inaosha grisi uliyokuwa nayo. Acha, hasa kwenye hiyo DC yako.

Mafuta ya cherehani, yale meupe, tone moja tu kila beringi ya bobini. Kwa gia ni grisi laini, kidogo, ifunike meno na isizidi. Grisi ya chasisi ya lori usiguse, Dereva, najua unayo kopo zima. Ni nzito mno, mkono utazunguka kwa shida na vumbi litaipenda. Ya kupikia usithubutu, inageuka gundi. Baada ya maji, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, usielekeze mpira wa maji, maana presha inasukuma mchanga ndani. Kwenye kabini iweke ndani ya soksi nzito au mfuko wa kitambaa. Mfuko wa plastiki unafunga unyevu ndani.

—

DerevaKasumba

Nimemaliza kupima zote mbili mezani kwa mzee, yeye mwenyewe akishika taa na kunisahihisha. Hakuna inayoruka. 6500 ina mkwaruzo wa kila mahali, nadhani ni grisi iliyokauka. 6501 ni laini kabisa, ila kijino cha kiongoza-uzi kimelika. Kwenye kikopo kuna vijino vipya, bado vimo kwenye karatasi.

Zinafanana kila kitu. Hiyo moja mwishoni inabadilisha nini?

—

FundiBobini

6501 mkono wa kuzungushia uko kushoto. 6500 uko kulia. Wewe unatupa kwa mkono gani?

—

DerevaKasumba

Kulia. Na ile yangu iliyokufa nilikuwa natupa kulia, nahamisha fimbo kushoto, ndipo nazungusha. Blakibasi wengi wanachukua chambo kikitua tu, wakati bado nahamisha.

—

FundiBobini

Chukua 6501. Kijino kibadilishe usiku huu huu, kofia yake iko chini ya kiongoza-uzi, inafunguka kwa sarafu. Usikaze sana. Na mwombe mzee kikopo chote.